Ndoo Sita Kila Alfajiri

Katika vijiji vyote vilivyopakana na barabara ya Dutwa, hapakuwa na sakafu iliyosuguliwa kwa bidii kama ile ya Mzee Athanasi Magese, na waliolala juu yake walikuwa kuku.

Yeye mwenyewe alilala katika nyumba ya matofali mabichi, iliyokandikwa chini kwa udongo na samadi ya ng'ombe kama nyumba zote za jirani. Jambo hilo liliwapa watu maneno. Marcelo, aliyelima mpakani mwake, hakupita uani pale bila kulichokoza.

"Mzee Athanasi, siku nikija kulala kwako, nitandikie kwa kuku. Ndiko kwenye sakafu."

"Ukitaga, nitakutandikia," hujibu Mzee Athanasi bila kutabasamu, kisha huendelea na shughuli zake.

Hakuwa mtu wa mzaha. Miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji wa pamba katika kituo cha chama cha ushirika, na hakuna mkulima aliyewahi kumpitishia gunia lenye maji. Alikuwa akiingiza mkono wake katikati ya gunia mpaka kiwiko, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu: safi, au fifi, yaani pamba ya daraja la chini. Ghala lake lilikuwa na sakafu ya saruji, nayo kabla ya kila msimu ilioshwa ikang'aa. Basi wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua pamba barabarani bila kuuliza habari za chama, na chama kikaanza kupunguza watu. Mzee Athanasi akapewa kiinua mgongo chake na barua ya shukrani yenye mhuri, akarudi nyumbani na mizani kichwani mwake, lakini hana cha kupima.

Neema ya wakati ule ilikuwa moja: saruji, ambayo zamani mtu aliiombea kibali akaisubiri hadi akasahau alitaka kujenga nini, sasa ilirundikwa madukani Bariadi kama chumvi. Akanunua mifuko, akaita fundi, akajenga banda lenye sakafu ya zege. Kisha akaagiza vifaranga mia moja wa mayai, wakaletwa kwa basi kutoka Mwanza ndani ya maboksi yenye matundu. Vifaranga hao ndio waliobaki katika jasho lake la miaka ishirini na sita. Wakifa, hapakuwa na kitu kingine.

Bwana mifugo alipita mara moja, akalisifu banda, akashauri sakafu itandikwe pumba za mpunga. Mzee Athanasi akamshukuru kwa adabu na kumsindikiza mpaka njiani. Hakuwa amenunua saruji ili aifukie chini ya makapi. Sakafu safi, kwa akili yake, ni ile inayoonekana. Akaagiza ioshwe kwa ndoo sita kila alfajiri.

Aliyebeba ndoo hizo alikuwa Violeth, mke wa mwanawe wa pekee, Josia. Josia alikuwa Mwanza, ameajiriwa katika kiwanda kipya cha minofu ya samaki, na mkewe alikaa kwa baba mkwe kama ilivyokuwa desturi. Violeth alizaliwa Lamadi, katika ukoo wa waanika dagaa. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, mzito wa maneno, na katika miezi minane hakuwahi kumtazama mkwewe usoni wala kumpinga. Katika nyumba za namna ile, mkwe wa kike akiwa na neno humwambia mama wa nyumba, na jioni neno humfikia mzee likiwa limekwisha kulainishwa. Lakini mke wa Mzee Athanasi alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Basi Violeth akafanya wafanyavyo wakwe wasio na wa kumtuma: akawaambia wanyama.

Ilikuwa katika juma la tatu la vifaranga. Mzee Athanasi alikuwa ananawa uso nyuma ya banda, naye Violeth alijua kwamba yuko pale.

"Poleni, kuku," alisema Violeth kwa sauti ya kutosha, akimimina ndoo ya nne. "Poleni kwa baridi. Kwetu Lamadi tulijaribu kuanika dagaa juu ya saruji mara moja. Juu walikauka, chini wakatoa jasho wakaoza. Tukarudi mchangani. Saruji haimezi maji, kuku wangu, inayashika tu. Ningekuwa na mtu wa kumwambia, ningemwomba mtandikiwe pumba."

Mzee Athanasi alisikia kila neno. Alijua pia kwamba maneno yale ni yake, kama barua yenye jina lake juu ya bahasha. Akakohoa mara moja ili Violeth ajue kwamba ujumbe umefika. Kesho yake ndoo zilikuwa sita vilevile. Binti wa waanika dagaa amfundishe sakafu mtu aliyetunza ghala la chama!

Juma la nne vifaranga walianza kujikusanya pembeni, mabawa yamelegea, manyoya yamesimama kama ya mtu aliyenyeshewa. Kinyesi kikawa na damu. Juu ya sakafu safi kiasi kile, damu ilionekana vizuri sana. Walikufa wawili, kisha watano, na siku moja wakafa tisa. Mzee Athanasi aliona kwamba uchafu umempita mahali fulani asipopaona. Akaagiza ndoo ziwe nane.

Hapo ndipo alipofika dada yake mkubwa, Nyanjige, kutoka Mkula. Alikuwa amesikia habari za msiba wa kuku, akaja na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na moyo uliojaa wasiwasi. Nyanjige alimbeba Athanasi mgongoni alipokuwa mtoto, na hakuona sababu ya kumwogopa sasa. Asubuhi ya pili alisimama mlangoni mwa nyumba, kanga mabegani, akasikiliza. Kutoka bandani, mwangaza ukiwa bado hafifu, ilikuja sauti ya Violeth, ya taratibu, ikisema na kuku.

Akamfuata nduguye barazani.

"Athanasi, mke wa Josia anasema na nani mle ndani?"

Jibu lilikuwa fupi na alikuwa nalo mdomoni. Anasema nami, dada. Mimi ndiye nisiyetaka kusikia. Lakini jibu lile lilikuwa na mlango nyuma yake, na nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo, na kaburi la kuku thelathini lililochimbwa kwa amri yake mwenyewe. Mzee Athanasi akaitazama barabara.

"Sijui," alisema.

Neno hilo moja likafanya kazi haraka kuliko ugonjwa. Mchana ule Nyanjige hakula ugali uliopikwa na Violeth. Alitafuna michembe yake kavu, akasema tumbo linamsumbua. Jioni alituma mtu ng'ambo ya mto kumwita Nkwabi, mfumu, mganga asomaye habari za watu ndani ya matumbo ya kuku. Wenyeji hawahitaji kuelezwa maana ya mwanamke kutajwa kuwa mchawi na mtu wa namna ile. Lililo jepesi kabisa ni kurudishwa kwao, sanduku kichwani, watoto wakimtazama njia nzima. Yako mazito zaidi.

Violeth alielewa. Alipika, akafagia, akaosha sakafu kwa ndoo nane, lakini bandani hapakusikika tena neno. Ukimya ule ulimwumiza Mzee Athanasi kuliko alivyotarajia. Siku mbili hakupata usingizi wa maana.

Nkwabi alifika siku ya Jumamosi, jua likiwa limekwisha kupanda, juu ya baiskeli yenye kengele kubwa. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka," walijibu.

"Mhola?"

"Mhola tu," alisema Nyanjige, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na amani.

Mzee Athanasi, muumini wa kanisa aliyekuwa akisoma masomo Jumapili, alikaa pembeni, mikono kifuani. "Nkwabi, wewe ni mgeni wa dada yangu. Maji ya kunywa utapata kwangu. Mate yangu kwenye mdomo wa kuku hutapata."

"Dada yako anayo ya kutosha," alisema Nkwabi kwa upole.

Nyanjige akaletewa kifaranga mmoja aliyekuwa akisinzia. Akamtemea mate mdomoni kama desturi itakavyo, akamkabidhi. Nkwabi akamchinja, akampasua juu ya jani la mgomba, akainama. Violeth alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko, mikono ameifunika kwa kanga. Hakuna aliyemwita, lakini alijua kwamba akiondoka, kuondoka kwenyewe kutakuwa ushahidi.

Nkwabi alitazama mbavu. Akatazama bawa. Akageuza ini, akalirudisha. Muda ukapita hata Nyanjige akashindwa kuvumilia.

"Anasemaje?"

"Hasemi."

"Kuku gani asiyesema?"

"Huyu ameletwa na basi kutoka ugenini," alisema Mzee Athanasi kutoka pembeni kwake. "Labda hajui Kisukuma."

Nkwabi alicheka kidogo, lakini macho hayakutoka kwenye kazi. Akaomba kifaranga wa pili, aliyekufa alfajiri ile, akampasua pia. Safari hii hakuhangaika na bawa wala ini. Alinyoosha utumbo kwa kidole chake kikavu, akaufungua kwa ncha ya kisu, akawaita wote wasogee.

"Dada Nyanjige, mimi nimepasua kuku miaka arobaini. Kuku aletaye habari za watu namjua, na kuku mgonjwa namjua. Tazama huku mwishoni mwa utumbo: pamevimba, pamejaa damu. Na huyu mwingine hivyohivyo. Hapa hakuna mkono wa mtu. Hawa wamelala majini."

Akainuka, akaenda bandani, akainama, akakandamiza kiganja chake chote juu ya sakafu. Jua lilikuwa kali, ndoo zilimiminwa alfajiri, na bado kiganja kilitoka kinameremeta.

"Nani anamwaga maji humu?"

Swali liliulizwa kwa nia njema, lakini Nyanjige alilidaka kama mtu aliyekuwa akilisubiri.

"Si nilisema? Yeye huyo! Kila alfajiri, ndoo nane, akinong'ona! Anawalaza majini makusudi wafe!"

Macho yote yakamgeukia Violeth. Mzee Athanasi naye akamtazama, akingoja aseme yale ambayo mtu yeyote angesema: niliagizwa. Maneno mawili yangetosha. Violeth akatazama chini. Hakutaka kumwaibisha mkwewe mbele ya mgeni.

Ndipo Mzee Athanasi alipowakumbuka wakulima wake. Mara ngapi alikuwa amemwamuru mtu amwage gunia lake chini, mbele ya foleni nzima, ili pamba yenye maji iliyofichwa katikati ionekane? Na mara zote, mtu yule akiulizwa maji yameingiaje, alitoa jibu moja. Sijui, mzee. Alikuwa amewadharau sana watu wale. Hakupata kujiuliza jinsi neno lile linavyokaa mdomoni mwa mtu anayejua.

Akasimama.

"Dada, maji ni yangu."

"Unasema nini?"

"Ndoo sita niliziagiza mimi. Kuku walipoanza kufa nikaongeza, zikawa nane. Bwana mifugo alinishauri pumba, nikamsindikiza. Mke wa Josia naye aliniambia. Yale uliyomsikia akisema bandani hakuwa anawaambia kuku. Alikuwa akiniambia mimi kwa heshima, kwa kuwa marehemu hayupo wa kumtuma. Niliyasikia yote. Uliponiuliza nikasema sijui. Nilikuwa najua."

Nyanjige alimkodolea macho nduguye kana kwamba amemwona akitembea bila nguo.

"Athanasi. Na mvi zako zote hizo?"

"Na mvi zangu."

"Mama angekuwa hai angekuchapa."

"Angenichapa, na ningelala kifudifudi mwenyewe."

Nyanjige akatafuta kigoda, akakaa kwa uzito. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hawakujua analia au anacheka; kisha ikaonekana kwamba anafanya yote mawili. Naye pia alikuwa amebeba mzigo. Hakuna shangazi anayefurahi kumpeleka mke wa mtoto wao mikononi mwa watu.

"Siku tatu natafuna michembe kama ng'ombe wa kiangazi," alisema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Meno yenyewe yamebaki manne. Violeth, mwanangu, nisamehe. Kuna ugali?"

"Upo, shangazi," alisema Violeth. "Upo, na samaki wa kwetu wapo."

Akageuka kuingia jikoni, na mlangoni akashika mwimo, akasimama hapo kitambo akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Mzee Athanasi alimfuata mpaka hatua chache nyuma yake, akatazama pembeni kama ilivyompasa.

"Mwanangu, nimekukosea."

"Yamekwisha, baba."

"Hayajaisha. Nifundishe sakafu."

Walikula wote pamoja na Nkwabi, ambaye alikataa malipo akisema hawezi kulipwa kwa kazi ya bwana mifugo, lakini hakukataa kichwa cha samaki. Baada ya chakula alipanda baiskeli yake, akapiga kengele, akaenda zake. Kazi ikaanza mchana uleule.

Vifaranga wagonjwa walitengwa katika boksi jikoni, karibu na joto. Wazima waliwekwa uani chini ya tenga kubwa. Sakafu haikuoshwa. Ilikwanguliwa kwa jembe bapa, ikafagiliwa, madirisha yakafunguliwa, na jiko la mkaa likawekwa ndani mpaka weusi wa unyevu ukajikunja kutoka katikati kwenda pembeni, na saruji ikageuka rangi ya majivu. Mzee Athanasi aliyekuwa akiipenda saruji ile hakuwahi kuiona ikiwa na rangi yake ya kweli. Wakanyunyiza chokaa. Asubuhi yeye mwenyewe alikwenda Bariadi kununua dawa ya kuhara damu ya kuwatilia kwenye maji, na aliporudi alikuwa amefunga magunia mawili ya pumba nyuma ya baiskeli. Kesho yake akaleta mengine mawili.

"Zifike wapi?" aliuliza, akiwa ameshika gunia la kwanza mlangoni.

Violeth aliweka kiganja wima juu ya saruji. "Hapa, baba. Kidole kirefu kikizama, inatosha. Na vyombo vya maji tuviinue juu ya matofali, visimwagikie."

"Na tuzigeuze?"

"Kila siku kwa reki. Palipolowa tunapatoa, tunaweka nyingine kavu."

"Tutajuaje pamelowa kabla hapajanuka?"

Violeth hapo alisita. Dagaa hawana pumba. Mzee Athanasi akachuchumaa, akachota pumba kwa mkono, akaingiza vidole katikati, akafumba macho, akakaza ngumi. Alipoifungua, pumba zilimwagika zote.

"Zingeshikamana kama tonge, zingekuwa zimekunywa maji," alisema. "Zikimwagika hivi, ni safi."

"Na zikishikamana?"

"Fifi. Tunamrudisha nazo mwenyewe nyumbani."

Violeth akacheka, kwanza ndani ya kanga, kisha waziwazi. Miezi minane alikuwa katika nyumba ile, na Mzee Athanasi hakuwa amewahi kusikia kicheko chake.

Siku iliyofuata walikufa watatu. Kisha mmoja. Kisha hakufa hata mmoja, na siku ya pili yake pia hakufa hata mmoja, naye Mzee Athanasi aliwahesabu mara mbili kwa sababu hakuamini. Walibaki sitini na wanne. Hawakujikusanya tena pembeni. Walitawanyika banda zima, wakichimba mashimo ndani ya pumba na kujirushia vumbi lake mgongoni, miguu imenyooshwa kama wenye mali.

Nyanjige aliahirisha safari yake ya Mkula mara mbili. Alisema anasubiri miguu ipone, lakini ilionekana kwamba alipenda kukaa kwenye kigoda karibu na banda, akimwelekeza Violeth mambo ambayo Violeth alikuwa amekwisha kuyafanya.

Alasiri moja wanawake watatu waliokuwa wakitoka mnadani walisimama kwenye ua wa minyaa. Habari zilikuwa zimetembea, nazo, kama zifanyavyo, zilikuwa zimetembea nusu tu.

"Shangazi Nyanjige, pole. Tumesikia yule mwanamke wa Lamadi amefukuzwa."

"Nani amefukuzwa?" Nyanjige aliinuka bila kukumbuka habari za miguu yake. "Mke wetu yupo ndani anageuza pumba. Mkitaka kumwona ingieni, ila vueni viatu."

"Tuvue viatu kwa kuku?"

"Mvue. Na kama mlikuja na neno jingine mdomoni, liacheni huko nje pamoja na viatu."

Wanawake walitazamana. Mmoja akacheka, akavua kandambili zake, wengine wakafuata. Na mara sauti zao zikasikika bandani pamoja na ya Violeth, zikiuliza pumba zinapatikana kwa nani, na kama mtu asiye na saruji anaweza kuanza na udongo.

Mzee Athanasi alikuwa amekaa upande wa pili wa banda, juu ya gunia, mgongo umeegemea ukuta wenye joto la jua. Alisikia yote. Alifikiri kwamba angepaswa kuinuka, kuwasalimu wageni kama ilivyo heshima ya nyumba. Akaamua kwamba atainuka baada ya kitambo kidogo. Kofia ikamteremka usoni, reki ikamponyoka mkononi ikaanguka polepole juu ya majani, na mzee yule aliyekuwa hajasinzia mchana tangu ujana wake akalala usingizi mzito, kinywa wazi. Violeth alipotoka kutafuta reki akamwona hivyo, akawaashiria wenzake wapunguze sauti.